Mishumaa Mitatu ya Mwalimu Paskazia

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Kama uko shambani, pumzisha jembe kidogo. Kama uko dukani, mwombe mteja wako radhi. Leo tunamkumbuka Mwalimu Paskazia Maige wa Segese. Alifundisha kemia miaka ishirini na miwili. Ametutoka akiwa na miaka arobaini na saba. Ameacha mume wake, Edson, fundi seremala, na kijana wao mmoja, George. Narudia kwa wale waliochelewa kufungua redio: ni Mwalimu Paskazia Maige, wa Segese, mwalimu wa kemia.

Nawaambieni mapema kwamba kipindi cha leo ni kizito. Mwenye watoto wadogo karibu ataamua mwenyewe.

Paskazia alizaliwa kijiji cha jirani na Segese, nyumba ya ng'ombe wachache na watoto wengi. Pumu ilimshika akiwa hajaanza hata shule. Moshi wa kuni ukizidi jikoni, mama yake alimshika mkono akamtoa nje, akamkalisha ukutani na daftari. Edson hadi leo analisimulia hilo kwa kicheko chake cha taratibu. "Wenzake walikuwa wanasonga ugali, yeye anasoma. Mke wangu alisomeshwa na moshi," anasema.

Mama yao alifariki mapema. Mtoto wa mwisho, Sikujua, alikuwa darasa la tano. Paskazia, aliyemzidi mdogo wake miaka kumi na minne na ndio kwanza ameajiriwa, alimchukua akaishi naye. Alimnunulia sare. Alimsuka nywele kila Jumapili. Sikujua alimwita dada, lakini ukiwaona pamoja ungesema ni mtu na mama yake.

Shule aliyofundisha haikuwa na maabara. Ilikuwa na kabati moja lenye kufuli, na ndani ya kabati chupa mbili zenye nyufa. Mwalimu mwingine angeandika barua kwa wakubwa na kungoja. Paskazia aliingia jikoni kwake. Alitoka na siki, ndimu, chumvi, majivu, na magadi yale yale tunayolainishia maharage. Kwa vitu hivyo alifundisha kemia, na watoto wakafaulu. Wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Siki, na alilijua, na likimfikia sikioni alijifanya hakusikia.

Nisha, ambaye familia yake ina duka Kahama tangu enzi za babu yake, Champaklal, alimzoea sana. "Alikuwa anabeba chupa sita za siki kwa mkupuo," anasema Nisha. "Nikamuuliza, Mwalimu, umefungua hoteli ya kachumbari? Akanijibu, Nisha mwanangu, uza siki, umbea waachie wengine."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tumfikie Sikujua. Sikujua aliolewa na Luka, mchimbaji mdogo wa dhahabu. Walipata mtoto wa kike, Ritha. Mwaka huu Ritha alikuwa na miaka minne.

Mnaoishi ukanda wetu mnaijua kazi yenyewe, lakini niwaeleze walio mbali. Mawe yanatoka kwenye duara, shimo la kuchimbia. Yanasagwa kwenye karasha. Unga wake unaoshwa, unatiwa zebaki, na zebaki inakamata dhahabu. Linabaki donge la rangi ya fedha. Donge hilo likichomwa, zebaki inapaa hewani na dhahabu inabaki. Na donge linachomwa wapi? Nyumbani, tena jikoni. Anayelichoma ni mama, kwenye jiko la mkaa, kwa kikaango. Nje kuna macho. Jirani akijua leo mmechoma, kesho duara lenu lina wageni, au mnavamiwa. Kwa hiyo mlango unafungwa, na dirisha pia. Kisha mama anakunywa kikombe cha maziwa, akiamini maziwa yatafukuza sumu.

Sikujua alichoma hivyo miaka mitano. Dada yake alimkanya miaka hiyo yote mitano.

"Sikujua, unachoma na mtoto yumo ndani?"

"Dada, mbona moshi wenyewe siuoni? Moshi wa kuni ndio uliokutesa wewe. Huu hata chafya haukupigishi."

"Usiouona ndio mbaya zaidi."

"Haya, dada. Nimesikia."

Na kweli alisikia, ila hakuacha. Paskazia alirudi nyumbani na hasira, akamwambia mumewe kwamba mdogo wake ni mkaidi kama punda wa maji. Usiku mmoja, Edson anakumbuka, aliamka akakaa kitandani akasema, "Nitamwonyesha. Maneno hayamwingii, nitamwonyesha kwa macho."

Ndipo likaja lile somo la Jumamosi, mwezi wa pili mwaka huu. Kina mama wa jumuiya walikuwa wamesali nyumbani kwa Mwalimu, kwenye ua wake. Walikuwa kama ishirini hivi. Baada ya sala akawaomba wasiondoke. Akaleta beseni. Ndani ya beseni akasimamisha mishumaa mitatu, mfupi, wa wastani na mrefu, akaiwasha. Akachukua jagi, akatia magadi yaliyopondwa, akamimina siki. Jagi likachemka mapovu bila moto. Wapo waliorudisha viti nyuma. Akangoja mapovu yakapungua. Kisha akainamisha jagi juu ya beseni, polepole, kama mtu anayemimina maziwa, lakini hakikutoka kitu. Hakikutoka hata tone. Kina mama wakaanza kutazamana.

Mshumaa mfupi ukazimika. Ukafuata wa wastani. Ukafuata mrefu.

"Mayu wane!" akapiga kelele mama mmoja. Wengine wakasimama. Lusia, jirani yake Sikujua ukuta kwa ukuta, akazunguka beseni mara mbili akitafuta ujanja ulikofichwa.

"Mmeona kitu kikitoka?" Paskazia akauliza.

"Hatujaona!"

"Lakini moto umekufa?"

"Umekufa, Mwalimu!"

"Basi hewa msiyoiona ina nguvu hiyo."

Walipiga makofi. Walimtaka arudie, akarudia. Sikujua alikuwa mstari wa mbele, Ritha mapajani, macho yametoka. Paskazia aliyaona macho yale, akaamini kwamba safari hii limemwingia. Kisha mvua ikaanza. Mvua ya mwezi wa pili mnaijua, haina hodi. Kina mama wakajitwika viti, wakatawanyika.

Daftari lake la maandalizi tumeliona. Edson alilileta hapa kituoni. Somo lile lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni mishumaa. Sehemu ya pili ni zebaki: kwamba mvuke wake nao hauonekani, kwamba unaua mapafu, kwamba donge lichomewe nje penye upepo, mbali na watoto, tena ndani ya chombo chenye mfuniko kinachounasa mvuke huo. Sehemu ya pili haikusomwa. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na msiba. Ile ya baada yake alikuwa na usimamizi wa mitihani.

Nawaomba mlishike hili, wasikilizaji wapendwa. Walisikia nusu ya somo. Hawakusikia nusu ya pili.

Njiani siku ile ile, chini ya mvua, Lusia alimwambia Sikujua neno moja. Sikujua mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Lusia alisema, "Ile hewa ya Mwalimu inameza moto mbele ya macho yetu. Itashindwa kumeza sumu ya zebaki?" Wakaona ni kweli. Wakaona zaidi ya hapo: kwamba Mwalimu amewapa dawa kwa mafumbo, maana mtumishi wa serikali hawezi kusema wazi mambo ya dhahabu ya nyumbani. Neno likasambaa, na kila aliyechoma akaanza kuweka bakuli la siki na magadi pembeni ya jiko. Na kwa kuwa dawa ipo, hakukuwa na haja tena ya hofu. Waliokuwa wakiacha dirisha wazi kidogo, wakalifunga. Waliokuwa wakiwatoa watoto nje, wakawaacha ndani.

Siki ikaadimika Segese. Nisha alishangaa. Paskazia alipokwenda dukani akaambiwa imekwisha, kina mama wa kwao wameibeba yote. Nisha anasema Mwalimu alicheka hadi akafuta machozi. Alidhani kina mama wanawaonyesha waume zao mishumaa.

Sasa tufike Jumanne ile. Ilikuwa saa saba mchana, na mvua inanyesha. Luka alikuwa ameleta donge kubwa kuliko yote waliyowahi kupata, akarudi kwenye duara. Paskazia alikuwa anatoka shuleni, akapita kwa mdogo wake kujikinga mvua. Akabisha hodi. Mlango ulikawia. Kisha ukafunguka kidogo, Sikujua akamvuta mkono.

"Ingia haraka, dada, hewa isitoke. Nimefanya kama ulivyotufundisha!"

Ndani kulikuwa na jiko la mkaa limekolea, na kikaango juu yake. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa matambara. Pembeni ya jiko palikuwa na mabakuli mawili yanayotoa mapovu. Na katikati ya mabakuli hayo, juu ya mkeka, Ritha alikuwa amekaa na kikombe chake cha maziwa. Mama yake alikuwa amemkalisha pale kwa sababu ndipo palipokuwa salama kuliko kote.

Paskazia alimnyakua mtoto, akamtoa nje kwenye mvua. Kisha akarudi ndani. Angeweza kubaki nje, wasikilizaji wapendwa, mtu mwenye pumu. Lakini mdogo wake alikuwa bado amesimama juu ya jiko. Akakivuta kikaango. Sikujua akamshika mkono.

"Dada, ngoja, linageuka rangi!"

"Toka nje!"

"Litapotea, dada!"

Kikaango kikapinduka. Donge likaangukia kwenye makaa. Sikujua akapiga magoti, akaanza kulitafuta kwa koleo, uso juu ya moto. Paskazia akamkamata kwapani akamvuta. Sikujua ana nguvu. Walivutana. Ni yeye anayesema zilipita dakika nyingi, na kwamba dakika zote hizo alikuwa anamtukana dada yake.

Walipotoka, hakuna aliyeumwa. Walikaa barazani wakakasirikiana. Paskazia ndipo akauliza yale mabakuli ni ya nini, na Sikujua akamweleza. Akamweleza habari ya Lusia, na ya majirani, na ya dawa. Sikujua anasema dada yake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

Jioni homa ikaanza. Mtoto akawa anatapika. Kifua cha Paskazia kikabana, na dawa yake ya pumu haikusaidia. Asubuhi wote watatu walikuwa hospitalini. Sikujua alipata nafuu. Ritha alifariki Ijumaa, siku ya nne. Alizikwa Jumamosi.

Paskazia alikuwa wodi nyingine, na hakuambiwa. Edson ndiye aliyeamua. "Daktari alisema pumzi yake ni ya kubembeleza," anasema. "Nikamwambia Sikujua, shemeji, usimwambie. Mzigo huo ni wangu." Hivyo Jumapili, Sikujua alivua kanga ya msiba getini, akavaa nyingine, akaingia wodini akitabasamu.

Paskazia alikuwa na barakoa ya hewa. Hakuweza kuongea zaidi ya neno moja moja.

"Ritha?"

"Amekula uji, dada."

Mwalimu akamtazama. Akauliza swali alilowauliza wanafunzi wake miaka ishirini na miwili, kila mmoja wao analijua.

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona, dada."

Akamwamini. Jumatatu akauliza tena, akajibiwa amekula uji na ndizi. Jumanne akauliza tena, akajibiwa anacheza. Jumatano, siku ya tisa, alfajiri, Mwalimu Paskazia Maige alifariki.

Wasifu uliosomwa msibani ulisema aliugua kifua kwa muda mfupi. Ukoo uliona inatosha. Siwalaumu, maana mtu anazika kwanza, mengine baadaye. Lakini wiki iliyopita Sikujua alifika hapa kituoni peke yake. Mikono yake inatetemeka sasa. Tulimpa maji, ikabidi tumshikie glasi. Akasema tusiposoma ukweli, atasimama sokoni ausome mwenyewe. Haya ni maneno yake, kama alivyoyasema.

"Naitwa Sikujua Maige. Dada yangu hakurogwa na mtu. Mlango niliufunga mimi. Mtoto wangu nilimkalisha pale mimi. Siki haiui zebaki. Nilimdanganya dada siku tatu, akafa akijua Ritha anacheza. Sitaki kumdanganya mwingine. Lusia, kama unanisikia, jana nimepita kwako mchana na mlango ulikuwa umefungwa. Nilibisha. Hukufungua."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote hapa studioni, tunampa pole Edson, na George, na Luka, na ukoo wote wa Maige. Kwako Sikujua sina neno la kutosha. Wabeja kwa kuja.

Na wewe mama, ambaye muda huu una redio jikoni na bakuli la siki pembeni ya jiko, nakuomba. Epua hicho kikaango. Mtoe mtoto. Fungua mlango, ufungue wote. Najua majirani wataona. Waache waone.