Mkanda Aliouona Kona

Ndugu, majirani, na nyinyi mliokuja na gari la kazini mkakaa pale nyuma, tulieni, historia ya marehemu inasemwa kwa kichwa leo, maana anayeisema ni bibi yake aliyemlea na kalamu hakuwahi kuishika, lakini tarehe anazo zote.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe nne Machi 1986, saa nne asubuhi, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, mtoto wa tatu na wa mwisho kwa mama yake, na mama alipofariki yeye alikuwa na miaka miwili, bibi akambeba. Alipotimiza miaka sita jicho la kushoto likawa linakimbilia puani, akapelekwa zahanati, daktari akasema jicho lenyewe ni zima ila ni zembe, kichwa kimezoea kutumia la kulia tu, akatoa kitambaa, akasema mtoto afunikwe jicho kila siku, akaita mgonjwa mwingine. Hakusema lipi. Bibi yake akafunika lile bovu, kama mtu anavyofunga kidonda, mwaka mzima na miezi minne, jicho lililotakiwa kufanyishwa kazi ndilo likalazwa gizani. Kitambaa kilipohamishiwa upande wa pili, Julai 1993, mtoto ameshaanza shule, anagonga milango, wenzake wanamcheka, kitambaa akakitumbukiza chooni. Kosa hilo ni la nyumba hii, linasemwa mbele ya jeneza na aliyelifanya.

Shule aliimaliza Novemba 2002, baada ya kuchapwa mara nyingi kwa kutazama dirishani na kumbe anatazama ubao. Akiwa mtu mzima akakataliwa kazi mara mbili, mwenye duka mmoja alimwambia wazi kwamba wateja hawatajua waangalie wapi, ndipo tarehe mbili Mei 2007 akachukuliwa kwenye ghala la mbao ng'ambo ya reli, huko wakambandika jina la Kona, akaliitikia. Mbali na karibu vilimchanganya maisha yake yote, hata chai aliimimina kwa kuegesha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe, na ngazi ya mwisho aliipapasa kwa mguu, kwa hiyo pale ghalani kila kitu alikipitisha kiganja kwanza, ubao, msumeno, kamba, wenzake wakasema anabembeleza mbao kama mchumba, lakini kwa miaka kumi na saba hakukatwa hata ukucha.

Mke alimpatia hapo hapo, kwenye dirisha la risiti. Binti alikaa na mwenzake, marehemu akasimama anatabasamu, binti akamuuliza, "Kaka, unamwangalia nani, mimi au huyu?" naye akamjibu, "Wewe. Hilo jicho lingine lina mambo yake." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe kumi na saba Disemba 2011, wakajaliwa binti, tarehe tisa Septemba 2013, na mtoto wa kiume, tarehe ishirini Juni 2017, hao hapo mbele, macho yao yote yalipimwa mapema, baba yao alisimamia mwenyewe.

Marehemu hakuugua. Ijumaa tatu mfululizo, tarehe ishirini na nne Januari mwaka huu wa 2025, tarehe thelathini na moja, na tarehe saba Februari, alimwambia msimamizi kwamba mkanda wa winchi umeanza kuchanika karibu na ndoano, aliuona, akaupapasa, nyuzi zikamchoma kiganja. Msimamizi akamjibu mbele ya watu, "Kona, wewe kila mkanda unaona miwili." Watu wakacheka. Jumatatu, tarehe kumi, akatumwa asimame chini aongoze mzigo, mkanda ukakatika, mbao zikamwangukia kifuani, na Jumatano, tarehe kumi na mbili, saa nane mchana, akafariki wodini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Hata hajapoa, mkewe akaitwa ofisini akasomewa karatasi, eti marehemu hakuuona mzigo kwa sababu ya ulemavu wa jicho, na chini yake sahihi sita za mashahidi. Mzigo ulikuwa juu ya kichwa chake, mwenye macho mazima angesimama pale angekufa vile vile. Watoto hawa watakua wakiambiwa baba yenu alijiua kwa kengeza lake, na hilo ndilo bibi yake analolikataa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, inawashukuru majirani kwa maji, viti na kuni. Inawashukuru wafanyakazi wenzake wawili, mwendesha winchi na mama anayefagia ofisi, waliokataa kutia sahihi. Na nyinyi sita, hakuna anayewafukuza, chakula kipo, mtakula mshibe, lakini jeneza likinyanyuliwa msilishike. Mwenye kutaka kulibeba asimame sasa hivi, aseme mkanda ulikuwaje.

Tunangoja. Jua bado lipo.

Haya, mmoja kasimama. Njoo mbele, baba, usilie kwanza, sema kwa sauti watoto wasikie. Na wewe mjukuu wetu, lala, pumzika kwa amani, sasa tunasikiliza sisi.