Springi za Mbele za Mzee Taratibu

Benchi la kijiwe hiki limeegemea ukuta wa saluni ya Kinyozi, na mguu wake mmoja ni tofali, kwa hiyo anayekaa mwisho hujifunza mapema kutoamini kila anachokalia. Asubuhi hiyo mwishoni alikaa Mzee Taratibu, dereva wa mabasi mstaafu, akilitazama gari lake la zamani lililoegeshwa mbele yao, la rangi ya maziwa, taa zake mbili za duara zimetoa macho kama mtu aliyeamshwa ghafla. Gari hilo alilinunua kabla hajaoa, na sasa miguu ya mbele ilikuwa imechoka: likiingia shimoni linagonga, kisha linaendelea kutikisika mpaka shimo lenyewe limesahauliwa. Mkewe alilisema jambo hilo mwaka mzima. Taratibu akawa anajibu, "Linacheza kidogo tu." Jumapili moja likacheza kidogo tu, mama wa watu akagonga kichwa kwenye paa, akaomba ashushwe, akaenda kwa kaka yake kwa miguu, na mpaka leo yuko huko. Taratibu alimtaka mkewe arudi, wala hakuficha. Kilichobaki, kwa hesabu zake, ni kuchagua springi. Kiwanda kilicholitengeneza gari kilishafungwa zamani, duka la vipuri lina springi za kuiga za aina tatu, ngumu, laini na fupi, na mtu wa duka alikuwa njiani kuja kuchukua jibu.

— Chukua ngumu, alisema Fundi Saa, ambaye ametengeneza saa za mtaa mzima na hajawahi kumiliki hata baiskeli. Springi ni springi, Mzee. Ya saa na ya gari ni mtu na kaka yake. Ikilegea, saa inachelewa. Na gari hivyo hivyo.

— Gari nalo linachelewa kwa springi? aliuliza Birika, muuza kahawa, huku anamimina.

— Linafika. Lakini limechelewa.

Godoro, mwenye duka la magodoro upande wa pili wa barabara, akaguna.

— Ngumu zinavunja nyumba za watu. Mimi nina ushahidi. Mtu ananunua godoro gumu Jumatatu, Ijumaa analirudisha, na amekuja peke yake. Chukua laini, Mzee. Shemeji akikaa azame kidogo, ajione amekaribishwa.

— Azame mpaka wapi? aliuliza Fundi Saa.

— Mpaka aache kulalamika.

Taratibu aliitikia kwa kichwa huku na huku. Aliendesha mabasi mpaka akazeeka, lakini springi zilichaguliwa na mafundi wa kampuni; kazi yake ilikuwa kuzikalia. Usingizi ulikuwa umemkimbia tangu ile Jumapili, na mtu wa namna hiyo hunywa kila dawa anayopewa.

Kinyozi akatoka na wembe mkononi.

— Nimewasikiliza huko ndani mpaka nimechoka. Shida si ugumu wala ulaini, shida ni urefu. Weka zile fupi. Gari liiname mbele.

— Liiname la nini? aliuliza Godoro.

— Liombe radhi. Shemeji yuko dirishani kwa kaka yake, mara anaona gari linakuja limeinamisha kichwa. Mzee hajafungua mdomo, gari limeshamaliza maneno.

Benchi zima likaligeukia gari kwa heshima. Ndani ya saluni mteja akaita kuuliza kama yeye atabaki na nusu kichwa.

— Vumilia, bwana, alijibu Kinyozi. Kuna ndoa ya mtu hapa.

— Na akifunga breki? aliuliza Fundi Saa.

— Ndipo linapiga magoti kabisa.

Hapo Taratibu aliguswa. Samahani lilikuwa neno lililomkwama kooni tangu ujana, na kama kulikuwa na gari la kumsemea, angeliosha kila siku. Lakini Godoro alikataa, Fundi Saa akakataa zaidi, sauti zikapanda, ikabidi Birika aamue. Birika hakutaka kupoteza mteja hata mmoja.

— Kila upande upate yake, alisema. Kwa dereva ngumu, kwa shemeji laini. Na zote zikatwe ziwe fupi.

Wote wakaafiki, kila mmoja akiamini ameshinda.

— Litaelemea kushoto, Taratibu alisema kwa sauti ndogo.

— Kwa kaka wa mkeo si ni kushoto? alisema Godoro.

— Kona ya kwanza tu.

— Zilizobaki utazifanya kushoto pia.

— Akikata kushoto kila kona atarudi hapa hapa, alisema Fundi Saa.

— Basi atakunywa kahawa aanze upya, alisema Birika.

Fundi Saa alikuwa bado anawaza.

— Kuna kitu. Wakati wa kwenda, ule upande laini hauna mtu. Utarukaruka. Inabidi tuweke gunia la mchanga kwenye kiti cha shemeji.

— Lifungwe mkanda, alisema Godoro.

— Na livikwe shuka, lisichafue kiti, alisema Kinyozi.

— Na kilemba juu, vumbi lisitoke, aliongeza Birika.

Taratibu akaliona akilini lile gunia, limekaa mahali pa mkewe, na kilemba chake, wanaingia pamoja getini kwa kaka wa mkewe.

— Atasema nimeoa, alisema.

Hakuna aliyecheka. Jambo lilikuwa zito, na walikuwa wanapima kama gunia likae limeangalia dirishani, pikipiki ilipofika. Mtu wa duka la vipuri, baba mtu mzima mwenye koti la mvua, alisimama bila kuzima injini.

— Shikamooni wazee. Mwenye gari ni nani?

— Marahaba. Ni mimi, alisema Taratibu.

— Dukani wanasema springi huchaguliwa kwa uzito, huwezi kukosea, ila wanataka kujua jambo moja tu. Mbele mtakuwa mnakaa wangapi?

Fundi Saa akaangalia saa. Godoro akakumbuka duka lake, akaligeukia bila kwenda. Kinyozi alifungua mdomo aseme wawili, akamtazama Mzee, akaufunga. Birika akainamisha birika juu ya kikombe kilichokuwa kimeshajaa.

— Swali gumu? aliuliza mwenye pikipiki.

Taratibu alitazama kiti cha kushoto kupitia kioo. Alikuwa amewauliza watu wote wa mtaa huu.

— Sijui, ndugu yangu, alisema. Mwenyewe sijamuuliza.

Yule mtu akazima injini.