Besi Iliyopotea Luanda Kotieno

Benchi la Farouk pale Obunga lina miguu mitatu na jiwe moja, na tangu ile arusi ya Luanda Kotieno wanaume wawili walikuwa wakilielemea kila mmoja kwa ncha yake. Huku alikaa Amir, anayeitwa Filimbi kwa ajili ya sauti yake nyembamba. Kule alikaa Okinyi, anayeitwa Ngoma, na ukimsikia akikohoa huulizi kwa nini. Wote wawili hukodisha vyombo vya muziki. Katikati, kwenye nafasi waliyoachiana, alijitanua Shitanda, aliyewahi kuendesha trekta ya miwa Muhoroni na ambaye huitwa Mheshimiwa ingawa hajawahi kugombea hata uongozi wa ploti. Farouk alimimina kahawa, tangawizi ikawapanda puani, na kesi ikafunguliwa upya.

Kesi yenyewe Amir aliijua kwa moyo. Arusi ilikuwa kubwa kuliko spika za mtu mmoja, ndipo yeye na Okinyi wakaamua kuunganisha nguvu: spika za Amir kushoto, za Okinyi kulia. Walipojaribu za huyu peke yake zililia vizuri, na za yule vilevile. Lakini walipofungulia zote pamoja kwa wimbo wa kwanza wa ohangla, ngoma ya Kijaluo, ile sauti nzito ya besi ikafa. Na haikufa kila mahali. Pembeni karibu na masufuria ilikuwepo, inatikisa vifuniko. Katikati, walipoketi maarusi na wazee, muziki ulisikika kama mbu ndani ya chupa. Wazee wakaanza kuhama na viti vyao. Nyanyake bibi arusi aliifuata besi kinyumenyume, kiuno kikitafuta njia, hadi akajikuta anacheza kati ya wapishi, na huko akakataa kurudi. Wakati wa kukata keki, maarusi walikuwa karibu peke yao.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kila mmoja alilaumu prosesa ya mwenzake, yaani kile kisanduku kinachopokea sauti kabla haijafika kwa amplifaya, kikaigawa, nzito iende kwa spika kubwa na nyembamba iende kwa ndogo. Cha Amir kilikuwa cha zamani, kimekwaruzika pande zote. Cha Okinyi kilikuwa kipya, na kioo kinachong'aa kama simu ya mtu aliyeoa majuzi. Na kwa kuwa hawakusemezana, waliongea kupitia kwa Shitanda.

— Mheshimiwa, mwambie huyo mtu mashine yangu haijawahi kupoteza besi, Amir alisema.

— Mwambie hata yangu, omera, ndugu yangu, Okinyi alijibu. Mpaka ilipokutana na yake.

Shitanda hakufikisha ujumbe wowote. Yeye alikuwa na nadharia. Alieleza kwamba pale Luanda Kotieno ziwa liko karibu mno, na besi ni kitu kizito, kwa hivyo ilizama.

— Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Besi nayo ni hivyo hivyo. Saa hii iko chini, samaki ndio wanacheza.

Farouk alitikisa kichwa huku akisuuza vikombe. Kwa maoni yake ziwa halikuwa na hatia, na aliyetakiwa kuulizwa ni bibi arusi.

— Kikulacho ki nguoni mwako. Si mliona ile gauni? Nguo juu ya nguo, tena juu ya nguo. Besi ikiingia humo inatokea wapi?

Hapo Okinyi alicheka bila kutaka, kahawa ikampitia puani, na Amir akageukia ukuta ili asionekane naye anacheka. Shitanda, kuona kesi inamponyoka, alipanda juu zaidi. Alisema besi ilivutwa na feri ya Mbita, kwa sababu injini ya feri ni ya kike na besi ni ya kiume. Farouk akamuuliza aliyempa habari hizo ni nani. Shitanda akajibu kwamba mtu aliyeendesha trekta miaka yote ile hafundishwi jinsia ya injini.

Walikuwa wamefika hapo alipotokea Anyango, mwalimu wa kwaya kutoka Nyalenda. Hakuwa amesikia habari ya ugomvi. Alikuja kuwatafuta wote wawili, kwani Jumamosi kwaya za mtaa zingekutana uwanjani na alihitaji kila spika itakayopatikana. Farouk akampa kikombe na Shitanda akamsomea kesi yote, pamoja na feri. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na mgeni wa kutambiwa, akatoa nadharia yake kubwa kuliko zote.

— Hii prosesa ya Ngoma imesoma, Mwalimu. Ukiiambia kitu inafikiria kwanza. Hii ya Filimbi iliachia shule darasa la nne. Ukiiambia, inaropoka.

Okinyi alijinyoosha kwa fahari. Akasema ni kweli, yake hupiga hesabu nyingi, na kwa sababu hiyo sauti hutoka ikiwa imechelewa kidogo sana, chini ya muda wa kupepesa jicho.

Anyango aliweka kikombe chini.

— Kwaya yangu huharibika hivyo hivyo, wengine wakitangulia: sauti zinakutana katikati na kuuana. Wa mbele huwa nawaambia wangoje. Sasa kati yenu, nani atamngoja mwenzake?

Amir alijua kisanduku chake kina kitufe cha kuchelewesha sauti. Hakuwahi kukigusa, maana nani hununua mashine ili aicheleweshe? Kwa miaka mingi alikuwa amejisifu kwamba vyombo vyake ni vya haraka. Akamtazama Okinyi, na Okinyi, kwa mara ya kwanza tangu arusi, akamtazama yeye.

— Yangu ndiyo iko mbele, Amir alisema. Nitangoja mimi.

Okinyi aliinuka, akafungua kibanda chake nyuma ya benchi, akaanza kutoa spika. Amir akaleta zake kwa mkokoteni. Wakazipanga kama siku ile, kushoto na kulia, wakasimama katikati, na muziki ukalia kama mbu. Amir akabonyeza kitufe mara moja, akasikiliza, akabonyeza tena. Okinyi alimwonyesha kwa kidole: bado, bado kidogo. Ghafla besi ikarudi, kifua kikapigwa kutoka ndani. Vikombe vya Farouk vikaanza kutembea vyenyewe juu ya sinia. Kina mama wauza mboga wa ng'ambo ya barabara wakaacha mizani na kuja wakicheza, Anyango akawatangulia, na Shitanda akapita kwa kila mmoja akimwambia kwamba ni yeye aliyegundua.

Okinyi alimshika Amir shingoni, wakacheka mpaka wakaketi, bega kwa bega. Anyango akawarudia akihema na kufuta jasho. Alisema mpwa wake alikuwa anangoja kuchora bango la Jumamosi.

— Aanze na jina la nani?

Amir alifungua mdomo. Okinyi akafungua wake wakati uleule. Maneno yao yakagongana katikati, na hakuna aliyesikia hata moja. Shitanda akatazama angani kutafuta nadharia. Farouk akaliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, akalitikisa, na halikutoa hata tone.