Rimu za Inchi Kumi na Saba

Kijana alipanda basi amekumbatia rimu mpya kama mtoto wa dada yake, akaketi karibu na mama mmoja fundi cherehani, tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma yao.

“Ni ya gari gani, mwanangu?” “Langu, shangazi, lile dogo. Lilikuja na rimu za kumi na nne, naliwekea kumi na saba. Sasa naenda kununua tairi.” Fundi akaipima rimu bila kuombwa. “Chuma kimeongezeka, basi mpira upungue. Chukua tairi la ubavu mfupi.”

“Sitaki! Mama yangu anaumwa mgongo, nampeleka kliniki kila wiki, na barabara yetu ni mashimo matupu. Nataka mpira mnene.” “Mnene utasugua madigadi kila ukikata kona. Rudisha kumi na nne.” “Kwa hizo gari linaonekana la kuchezea, shangazi!” “Kumbe urembo! Mgongo wa mzazi ndio uulipie?”

Nilidhani amemmaliza. Nilikuwa upande wa fundi tangu alipotoa tepu.

“Mama ndiye aliyezichagua,” kijana akasema taratibu. “Anasema mgongo wake mbovu, lakini macho ya majirani ni mazima.”

Fundi akairudisha tepu shingoni. Basi likasimama mbele ya duka la matairi, kijana akainuka na rimu yake. “Sasa muuzaji nimwambieje, shangazi?”

“Mwambie umetumwa na mama.”