Bwana Amka: Maisha ya Kaka Yetu na Kosa Aliloomba Litajwe

Habari ilifika asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025. Mdogo wa kike wa marehemu, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amepiga magoti dukani akimpima mteja urefu wa sketi, pini zimebanwa midomoni. Simu ikaita. Alikuwa wifi yake.

"Wifi, umekaa?"

Hakuweza kujibu kwa sababu ya zile pini.

"Baba watoto ametutoka."

Mteja ndiye aliyemtoa pini mdomoni, moja baada ya moja, kisha akamkalisha kitini.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Agosti 1976, mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa dereva wa lori na mama yake muuguzi. Alibatizwa mwaka huohuo. Alikuwa mtoto mpole, asiyejua kugombana, ila kumwamsha asubuhi ilikuwa kazi ya nyumba nzima. Mama alikuwa akisema, "Huyu hajalala, huyu amehama." Siku moja baba alichoka kumwita, akamvika sare angali usingizini, akambeba begani hadi darasani na kumkalisha kwenye dawati. Mwalimu alipofika kwenye jina lake katika kuita majina, mtoto aliitikia kwa sauti kubwa, "Bado!" Darasa lilicheka hadi mwalimu akatoka nje.

Alianza shule ya msingi mwaka 1984, akaendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, ambako alihitimu uhandisi wa umeme mwaka 2000. Baba yake aliiona siku hiyo. Baba alifariki mwaka 2011.

Mwaka 2006 aliajiriwa na kampuni iliyotengeneza prosesa ndogo, yaani ubongo wa simu na wa vifaa vya mkononi, zenye ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho. Zilitoka moja baada ya nyingine kama watoto wa familia moja: ya kwanza, wadogo zake, hadi kitinda mimba. Kabla kifaa hakijaonyesha picha wala kutoa mlio, kuna programu ya chini kabisa, ndani ya kiini cha mfumo, inayoiamsha prosesa, inayoipimia umeme wake, na inayoilaza ili betri isiishe. Hiyo ndiyo aliyoiandika. Alipomweleza mama, mama alishangaa.

"Kwa hiyo kazi yako ni kulala na kuamka?"

"Ndiyo, mama."

"Basi Mungu ana mzaha. Na wewe!"

Wenzake kazini walimwita Bwana Amka, na hata kanisani jina hilo lilimfuata.

Alikuwa amefunga ndoa takatifu Jumamosi, tarehe 17 Julai 2004, na mwalimu wa hisabati, na Mungu akawajalia binti mmoja na mvulana mmoja. Alikuwa mume aliyeosha vyombo bila kuambiwa, na baba aliyekagua viatu vya watoto kila Jumapili. Kwaya ilimjua kama mtu wa sauti ya nne asiyekosa mazoezi.

Familia ingependa kuishia hapo. Lakini marehemu aliomba jambo moja lisomwe leo mbele yenu, nasi tunalisoma kwa haya.

Mwaka 2019 kampuni ilitoa kitinda mimba wa ile familia ya prosesa. Marehemu hakuandika upya sehemu ya kuiamsha. Alichukua ile ya prosesa zilizotangulia, akasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwenye maabara palikuwa na mpimaji, mwanamke kijana, kazi yake kujaribu kila kitu kabla hakijatoka. Mpimaji huyu alikuwa akiweka vibao vya majaribio vyenye prosesa ndani ya friji la jikoni ofisini, katikati ya maziwa ya watu. Walimwita Dada Friji. Alikuja kwenye kikao akasema kwamba prosesa hii mpya ikipata baridi, umeme wake unachelewa kutulia, na programu haiusubiri. Kwa hiyo ikilala, wakati mwingine haiamki.

Marehemu akamjibu mbele ya kikao kizima, "Dada, hata mimi ukinilaza kwenye friji siamki."

Wote walicheka. Hoja ya mpimaji ikafungwa. Mkataba wa mpimaji ulipokaribia mwisho, bosi alimuuliza marehemu, "Huyu dada wa friji tubaki naye?" Marehemu alijibu, "Ni mzuri, ila ana wasiwasi mwingi." Mkataba haukuongezwa.

Ile prosesa iliwekwa ndani ya vifaa vya kuvaa shingoni, ambavyo wazee wanaoishi peke yao hubonyeza wakitaka msaada. Mwaka 2021 mzee mmoja alianguka bafuni. Kifaa kilidondoka kwenye vigae vya baridi, akakivuta, akakibonyeza, hakikuamka. Jirani alimkuta kesho yake. Alipona, lakini hakutembea tena bila mkongojo.

Taarifa ilipofika ofisini, marehemu alikwenda nyumbani na kibao cha majaribio, akakiweka ndani ya friji. Mkewe alikikuta akitafuta siagi.

"Baba watoto, hii nini tena?"

"Acha tu, mama. Namtafuta mtu niliyemcheka."

Alipokitoa, kibao hakikuamka. Alikirudisha, akakitoa tena, vilevile. Mkewe anasema alikaa kwenye kigoda, mlango wa friji ukiwa wazi, hadi alipomwomba aufunge.

Katika kazi yao hakuna kipande kisicho na mwenyewe. Kila kilichoandikwa hubeba jina la aliyekiandika, na anayerekebisha kosa hutaja kazi ya nani ililileta na nani aliligundua. Watu wa kazi hiyo popote duniani wanaweza kusoma. Marehemu aliongeza ile subira ya umeme, marekebisho ya mistari michache tu, kisha akaandika kwamba kosa lilikuwa lake na kwamba mgunduzi ni yule mpimaji, kwa jina lake kamili. Bosi alimwambia, "Huyo si mtu wetu tena, andika maabara." Alikataa. Lakini kumwendea mwenyewe na kumwomba radhi hakuweza. Miguu ilimfikisha, ulimi ukamkataa.

Juni 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Aliyapokea matibabu kwa imani, na alipoishiwa nguvu alimwita mdogo wake kando ya kitanda cha hospitali.

"Utaniandikia wasifu. Usinipake rangi."

"Kaka, watu huandika mema."

"Andika, na mema yasikose. Lakini yule dada nilimwaibisha mbele za watu. Radhi ya pembeni haitoshi. Sisi kazini kosa linatajwa na mwenye kosa anatajwa. Nami nitajwe."

Alifariki siku ile ya Alhamisi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ijumaa familia ilikaa sebuleni, na haya mnayoyasikia yakasomwa mara ya kwanza. Baba mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa, alisimama kabla hayajaisha.

"Marehemu hasemwi vibaya. Mnataka tumzike mara mbili?"

Wifi, mke wa marehemu, akajibu, "Baba mkubwa, amejisema mwenyewe. Sisi tunasoma tu."

"Na huyo mwanamke? Mmemuuliza kama anataka kutajwa msibani kwetu?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mama alijifunika uso kwa kitambaa. Ilikuwa aibu ya pili juu ya ya kwanza.

Jumamosi mdogo wake alimtafuta mpimaji, akamkuta nyuma ya kaunta ya duka la dawa anakofanya kazi sasa. Alimweleza yote, huku akitazama mikono yake mwenyewe. Mpimaji alimsikiliza hadi mwisho.

"Alikuja hapa mara mbili. Alinunua plasta."

"Hakusema kitu?"

"Alisema asante." Akaweka boksi la dawa mahali pake. "Lile jina langu aliloandika nililiona, wenzangu wa zamani walinitumia. Nikajua amejua. Nikawa nangoja aje na mdomo wake."

"Alishindwa, dada. Aliona haya."

"Na mimi je? Siku ile kikaoni mimi sikuona haya?"

Mdogo wake alimsogezea karatasi za wasifu juu ya kaunta.

"Soma msibani," mpimaji akasema akizirudisha. "Lakini usiwaambie watu kwamba nimemsamehe. Hapo sijafika. Sema nilipima vizuri. Na friji usilitaje, walinicheka sana na hilo friji."

"Dada yangu, bila friji watu hawataelewa ulichokiona."

Akafikiri kidogo. "Haya. Basi lisemwe vizuri."

Kwa hiyo mbele yenu nyote, familia inasema: dada huyu alipima vizuri, alisema kweli, na kaka yetu alimcheka. Tunaomba radhi kwa niaba yake, kwake na kwa yule mzee na watu wake.

Marehemu ameacha mama mzazi, mke, binti na mwana, kaka mkubwa, mdogo wake wa kike, na wapwa wanne waliomwita mjomba. Mungu, anayemjua kuliko sisi, ampokee na kumpa pumziko.

Jana Jumapili alasiri, baada ya ibada, tulikwenda kumuaga katika chumba cha maiti cha hospitali. Mpimaji alikuja akiwa na koti la kazini, akasimama mwisho wa mstari. Zamu yake ilipofika mama alimpisha. Alimwinamia marehemu, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikwambia, kaka." Akampa mama mkono, akatoka. Mkewe na watoto walifuata, mama akawa wa mwisho, na wahudumu wakafunga jeneza.