Mshahara wa Angani na Mshahara wa Mezani

Ndugu Mkurugenzi, Mama yetu wa masjala unayestaafu leo, wazee wetu na wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe mke wangu uliyekaa karibu na dirisha ukijifanya hunijui: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa kumuaga Mama. Naye Mkurugenzi amenitaka niseme leo, mbele yenu, kama nitakikalia kiti chake au nitaacha kazi. Wengi mmeshajibu kwa niaba yangu. Tangu nioane na rubani mnaniita Abiria. "Abiria, bado unagonga mihuri? Mkeo akipaa na kutua, mwezi wako umelipwa!" Mjomba naye haniachi: "Mpwa wangu, kivuli umekipata, juani unafuata nini?"

Tuseme ukweli bila haya. Anachopata yeye kwa mwezi, mimi hukipata kwa karibu mwaka mzima. Je, ni dhuluma? Mimi nikikosea, jalada la pensheni hulala kwenye kabati la likizo, na Mama hunifokea mpaka nilipate. Yeye akikosea, nani atabaki wa kumfokea? Kila baada ya muda hupimwa macho na moyo, hutahiniwa upya kama mwanafunzi. Mimi tangu niajiriwe, hakuna aliyewahi kuniuliza kama naona.

Lakini mishahara hii haipishani kwa ukubwa tu. Sehemu kubwa ya malipo yake huhesabiwa kwa saa za kuruka. Akikaa chini, hukatika. Wiki chache baada ya harusi niliamka na mafua. Mtu wa ofisi akiwa na mafua hufanya nini? Huja kazini, akayapigia majalada chafya, na mwisho wa mwezi akalipwa kamili. Nikaja. Jioni nikarudi, nikamkuta malkia wangu mlangoni, ananukia, ananicheka pua ilivyovimba. Ndugu zangu, ningejizuiaje? Nikambusu.

Kumbe rubani hapandi ndege na mafua. Masikio yakiziba, huko juu ngoma ya sikio inaweza kupasuka. Mafua yangu yakamwambukiza, yakamshukia masikioni, daktari akamzuia kuruka karibu mwezi mzima. Sijawahi kununua kitu ghali kama busu lile, na ningelinunua tena.

Malipo ya saa yakakatika, na kilichobaki kikamezwa na mkopo wa masomo yake ya urubani. Kodi, umeme na unga vikatoka kwenye mshahara huu huu mnaoucheka. Hatukunenepa, lakini tulikula.

Mama, kwa mshahara huu umesomesha watoto watatu. Magazeti hayakukuandika, wala hukuvaa kofia yenye dhahabu. Lakini katika miaka yako yote, ni mjane gani aliyeondoka dirishani kwako akilia kwamba jalada la marehemu halionekani? Nilipokuomba ushauri hukuinua hata kichwa. Ulisema, "Acha kazi ukiichoka, mwanangu. Usiiache kwa kuwa wamekucheka."

Basi jana, tukiwa jikoni, nikamuuliza mke wangu, "Nikiacha kazi, utanipenda?"

"Nitakupenda, we mwanamume, nina akili gani nyingine? Ila nitaogopa."

"Utaogopa nini, nawe unaruka juu ya mawingu?"

Akaweka mwiko chini. "Rubani ambaye nyumba nzima inamtegemea yeye peke yake, siku kifua kikimbana, atamwambia daktari kweli? Atajikaza, aseme mzima, apande na watu nyuma yake. Mimi sitaki kuwa rubani huyo. Nikijua tutakula hata nikizuiliwa, nitasema panaponiuma."

Nimepima mishahara hii miwili kwa kila kipimo, wa kwake bado ni mkubwa, na ni haki yake. Lakini wangu ndio unaompa ruhusa ya kusema ukweli.

Ndugu Mkurugenzi, kiti nakipokea. Mama, kesho asubuhi nikabidhi funguo za makabati.

Mmenisikiliza kwa subira, nami nawashukuru nyote. Asanteni sana.