Marlys Tollefsrud na Barua Niliyoiandika Mimi

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, wakili Marlys Tollefsrud anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi yetu hapa Duluth. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa kuwa nimekaa naye chumba cha jirani muda mrefu kuliko wengine. Wangejua, wasingenipa.

Alianza na kesi za mahakamani, na huko alikuwa moto. Baadaye akachoka kuona wazazi wakivuana nguo mbele ya hakimu kwa ajili ya jokofu na mbwa, akahamia talaka ya mezani: mume, mke na mawakili wao wawili wanakaa pamoja mpaka waelewane. Wote hutia sahihi karatasi moja. Yeyote akitishia kwenda mahakamani, mawakili wote wawili wanajitoa, na wenye kesi wanaanza upya na wengine.

Mezani kwake mume na mke walikaa upande mmoja, bega kwa bega, mawakili ng'ambo. Kahawa alipika mwenyewe, mbaya ajabu, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Watu wa huku tutasema "si mbaya" hata kama ulimi unaungua. Mtu akianza kufoka, Marlys alimsukumia sahani ya keki. "Tafuna kwanza, bwana, halafu utukane." Familia mia nne na ushee zimetoka pale zikiwa bado zinasalimiana.

Moja haikutoka hivyo, na kosa ni langu.

Mwaka 2009 Janelle Lahti alikuwa mteja wake, na Gordy, mumewe, alikuwa wangu. Nilikuwa ofisi nyingine, mgeni kwenye talaka za mezani, na mdomo mrefu. Baada ya vikao sita walishakubaliana yote, hata zamu za watoto. Ilibaki nyumba ndogo ya ziwani. Janelle akaomba wiki mbili afikirie. Mimi, kwa mazoea ya mahakamani, nikamwandikia Marlys barua: siku kumi, la sivyo tutaonana kwa hakimu. Gordy hakujua. Nilidhani nawachangamsha tu.

Marlys akanipigia simu. "Wendell, uliisoma ile karatasi uliyotia sahihi?"

Nikasema nilikuwa natania.

"Basi umetania vibaya, mwenzangu. Tumetoka sote."

Akamwambia Janelle tu kwamba ahadi ya ile karatasi imevunjwa, kwa hiyo lazima ajitoe. Hakunitaja, maana Janelle angeamini Gordy ndiye aliyenituma, na ugomvi ungezidi. Badala yake Janelle akaamini kwamba Marlys amemchoka. Alilia, akasema, "Hata wewe unaniacha?" Akatafuta wakili wa kupigana. Kesi ikala miezi ishirini, nyumba ya ziwani ikauzwa, na hadi leo watoto wao hula Krismasi mara mbili, katika nyumba mbili zisizotajana.

Mwaka uliofuata Marlys akaniajiri. Hakunisimanga hata siku moja. Nami nilimwona Janelle akimpita dukani bila salamu, tena na tena, Marlys akijifanya anachagua vitunguu, na nikanyamaza. Woga tu, hakuna jina lingine.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Janelle nikamweleza yote.

"Miaka kumi na minne, Wendell! Mbona umengoja mpaka anaondoka?"

Ameniruhusu kuyaandika haya. Gordy naye amekubali, kwa simu, kwa neno moja.

Marlys, wenzako wote tunakushukuru. Tunakuombea afya, usingizi mnono na miaka mingi ya kukaa bila kumsuluhisha mtu. Mimi naomba unisamehe.

Janelle ameahidi kuja leo kwenye sherehe ya kukuaga. Atakaa nyuma, karibu na mlango, kwa sababu hana hakika kama utataka kumwona. Hotuba zitangoja. Mwendee.